Kipande cha Selotepu Nyekundu

"Nani ametoa selotepu yangu kwenye panga la helikopta?" nilimuuliza kaka.

Helikopta yetu ndogo ya kamera ilikuwa juu ya vichwa vyetu, ikivuma kama nyuki waliochokozwa. Kaka aliiendesha kwa rimoti yake. Mimi nilishika ile ya kamera. Kwenye kioo cha rimoti yangu, bomba la moshi la kiwanda lilichezacheza kana kwamba naliona kupitia maji.

"Kile kiraka chekundu? Nimekibandua nilipokuwa naing'arisha. Mkandarasi anayeliangusha bomba angedhani tumeiokota jalalani, Bubu."

Bubu ndiye mimi. Jina alinipa yeye.

Jana yake nilikaa sakafuni nikiyapima yale mapanga mawili mpaka nikapata lililo jepesi, nikaliongezea kipande cha selotepu karibu na ncha. Mapanga yasipolingana uzito, mtetemo unashuka hadi kwenye kamera, na hakuna mkono wa kuutuliza. Kaka analijua hilo. Ndiye aliyenifundisha!

Na bomba haliangushwi mara mbili. Baba alilipaka rangi miaka yote ya kazi yake, akining'inia kwenye kamba. Sasa baba hayupo, na mama, ambaye magoti yake hayamruhusu kufika mbali, alituomba kitu kimoja tu: "Nileteeni picha iliyotulia. Nilione lote likienda."

"Shusha, niibandike tena."

"Mkandarasi anatuangalia."

"Kaka, shusha!"

Mkandarasi alisogea, kofia ngumu kichwani. "Vipi, kuna tatizo?"

"Hakuna, bosi." Kaka akacheka. "Huyu mdogo wangu mwoga. Mikono inamtetemeka. Hata dukani anaagiza kwa kidole."

Wakacheka wote wawili. Nikameza maneno kama nilivyozoea. King'ora kikalia, baruti ikalipuka. Nililifuata bomba kwa kamera tangu lilipoinama mpaka vumbi lilipolifunika, sikulipoteza hata kidogo. Lilikwenda likitetemeka.

Nyumbani mama alivaa miwani, akavuta kiti karibu na kompyuta.

"Mbona linatetemeka hata kabla ya kuanguka?"

"Ni Bubu, mama," kaka akadakia. "Alishikwa na woga. Msamehe tu."

Mama akanipapasa mkono. "Usijali, mwanangu. Kuogopa si kosa."

Huruma ile ndiyo iliyonishinda. "Sikuogopa!" Sauti ilinitoka kubwa mpaka mama akashtuka. Nilichomoa kitambaa cha kung'arishia kwenye begi la kaka, nikakikunjua mezani. Katikati ya mafuta na vumbi, selotepu nyekundu ilikuwa bado imeng'ang'ania.

"Mwambie mama hii ni nini. Mwambie ilikuwa wapi na nani aliibandua!"

Kaka aliangalia sakafu. "Nilitaka tupendeze."

"Tupendeze kwa nani? Aliyekuwa anaingoja picha yuko hapa!"

Mama hakumgombeza. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo yake, akaivaa tena, kana kwamba ubovu ulikuwa kwenye vioo.

"Rudisha," alisema.

Nikairudisha picha mwanzo. Bomba la baba likatetemeka, likainama, likaenda. Mama akasema tena, "Rudisha." Kaka akanyanyuka taratibu kuelekea mlangoni.

"Kaa," nikamwambia. "Utaangalia mpaka mama atakapotosheka."

Akakaa.