Mawe ya Otilia

Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, ndiyo siku Alphonce, mganga mfawidhi wa zahanati yetu, alipomuua mke wangu kwa mdomo. Mengine yalifuata tu.

Otilia alikuwa amekojoa kijiwe cha manjano. Alikifunga kwenye kitambaa, akampelekea. Alphonce alikigeuza kiganjani.

"Mama Justa, ninyi Wafipa mnasaga ulezi na mchanga wake. Unajenga nyumba tumboni?"

Foleni nzima ikacheka. Otilia naye akacheka, maana aliyesema ni mkubwa.

Akaambiwa aache ulezi, apunguze maji ya kisima kwa kuwa yana chokaa, ale samaki na mayai apate nguvu. Akatii. Mwanamke aliyekuwa akipepeta ulezi wake mara mbili akaanza kula migebuka, samaki wa ziwani kutoka Kasanga, na maji kikombe asubuhi, kikombe jioni. Mawe yakazidi.

Tulipofika hospitali ya Sumbawanga, figo zote mbili zilikuwa zimeziba. Daktari Cornelia alipeleka jiwe likapimwa, kisha akanieleza taratibu. Figo, alisema, ikichuja damu hupitisha hata chembe ndogo zinazojenga mwili, zile tunazopata kwenye samaki, nyama na maharage. Halafu vijia vyake huzirudisha kwenye damu, karibu zote, zisipotee.

"Kama kuokota punje zilizoanguka na pumba," nikasema.

"Hivyo hivyo, baba. Figo za mama haziokoti aina moja ya chembe hizo, tangu azaliwe. Inabaki kwenye mkojo, na mkojo ukiwa mzito, inaganda jiwe. Kwanza kabisa alihitaji maji mengi. Na watoto wapimwe, huu ni ugonjwa wa ukoo."

Maji. Kisima kiko nyuma ya nyumba yangu.

Otilia alikufa wiki ileile tuliyofika Sumbawanga. Alphonce alikuja msibani, akapewa kiti, akala.

Mwezi uliopita binti yetu Justa alianza kushika ubavu. Daktari Cornelia walishamhamisha. Nikarudi kwa Alphonce.

"Mzee Nestory, kipimo hicho hapa hatuna."

"Basi niandikie rufaa."

"Udaktari umesomea wapi?"

Justa alikuwa amesimama pale, amemwamkia shikamoo, hakuitikiwa.

Nimekwenda kwa mtendaji, akanituma kwa diwani. Diwani akanirudisha zahanati. Wote wanamjua mtoto, wote walimzika mama yake. Nimewauliza jambo moja tu: ndani ya mwili wa Justa, jiwe limeshaanza au bado?