Mwisho Usiokuwemo Kitabuni

Karatasi ya kumi na tisa ilisema yale yale ya karatasi ya kwanza. Mwalimu wa fasihi aliweka kalamu nyekundu mezani, akavua miwani, akajisugua macho. Swali lenyewe lilikuwa jepesi: eleza jinsi riwaya inavyomalizika. Na mmoja baada ya mwingine, wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wameandika kwamba binti wa mponda kokoto anachukuliwa na daktari tajiri, anarudishwa shule, anafaulu, na mtaa mzima unampokea kwa vigelegele.

Kitabuni hakuna daktari. Vigelegele ndiyo kabisa havimo.

"Wameniandikia filamu hawa," alijisemea.

Hakuwa na ubavu wa kuwalaumu. Darasa lilikuwa na watoto sitini na mmoja na nakala nne za kitabu, mbili kati yazo zimenyofoka kurasa za mwisho. Toleo jipya lililojaa madukani lilikuwa na uso wa mwigizaji kwenye jalada, na tangu uso huo uwekwe, bei ilipaa hadi wazazi wakawa wanakishika, wanakigeuza, wanakirudisha rafuni taratibu. Maombi ya vitabu aliyaandika mara tatu. Mara tatu aliambiwa yanashughulikiwa. Filamu ya riwaya hiyo ilikuja yenyewe, bure, kwenye televisheni Jumapili alasiri. Aliyeikosa alihadithiwa na Redio.

Redio, kama wenzake walivyomwita, alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Aliitazama kwa jirani, amesimama dirishani, na Jumatatu akaisimulia darasani mapumziko mazima, akilia pale pa kulia.

Saa nne mkaguzi wa elimu aliingia ofisi ya walimu, mwongozo wa kusahihishia mkononi. Alipekua karatasi kumi, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hawa wamenakiliana."

"Hawakunakiliana, mheshimiwa. Wametazama filamu iliyotokana na riwaya hii."

"Filamu haimo kwenye mtaala."

"Na vitabu havimo kabatini."

Mkuu wa shule, aliyeingia nyuma ya mkaguzi, alikohoa. Alikuwa mtu mwema aliyebakiza miaka miwili astaafu, na wema wake ulikuwa umelika upande mmoja kama kisigino cha kiatu. "Tusibishane, jamani," alisema. "Nani aliyeanzisha?"

Mwalimu alirudi kwenye karatasi zake. Lakini mkaguzi alipokwenda kuuliza darasani, Redio alisimama mwenyewe.

"Ni mimi niliyewahadithia."

Wakampeleka ofisini. Alisimama mikono nyuma, shingo wima.

"Nani alikupa majibu?" mkaguzi aliuliza.

"Hakuna. Niliona kwa macho yangu. Daktari anashuka kwenye gari jeupe, halafu..."

"Uongo! Kitabuni hakuna gari."

"Kwani kitabuni inaishaje?"

Mkaguzi aliinamia mwongozo wake. Palikuwa na mstari mmoja tu: mwisho wa huzuni, alama tano.

"Inaisha kwa huzuni."

"Huzuni gani?" Redio aliuliza bila ujeuri hata chembe. Alitaka kujua.

"Toka nje!"

Hukumu haikuchukua muda. Darasa zima sifuri katika swali lile. Redio wiki tatu nyumbani. Usajili wa mtihani wa mwisho ulikuwa unafungwa wiki ijayo. Mwalimu alilisema hilo, akalirudia, na mkaguzi akajibu kwamba tarehe hakuipanga yeye. Akasogeza fomu. Sababu: udanganyifu. Chini, nafasi ya saini ya mwalimu wa somo.

"Andika nakala nne, watoto sitini na mmoja," mwalimu alisema, "nitatia saini hata kwa mguu."

"Fomu haina nafasi ya maelezo."

"Basi na mimi sina saini."

Akatoka, akamkuta Redio anaelekea getini na begi lake, barua ya adhabu ameikunja ndani ya daftari. Wakatembea pamoja, hakuna aliyekuwa na haraka.

"Mwalimu, niambie basi inaishaje."

"Binti anakosa kusajiliwa. Siku ya mtihani yuko machimboni na mama yake, mvua inanyesha. Anasikia kengele ya shule kwa mbali. Anaendelea kuponda. Basi."

Mlinzi alishafungua geti, Redio bado amesimama.

"Hakuna anayekuja kumchukua?"

"Hakuna."

"Hata mwalimu wake?"

Mwalimu alitazama kokoto za njiani. "Kitabuni, hapana," alisema hatimaye.

Msichana aliaga kwa adabu, akapita. Geti likafungwa.

Mwalimu aliporudi ofisini, mkaguzi alikuwa ameshaondoka na chai ilikuwa mezani. Mkuu wa shule alimsogezea kikombe.

"Kaa upumzike, dada yangu. Yamekwisha. Nimekutilia saini mimi, usije ukaandikiwa barua ya onyo na wewe. Fomu zinachukuliwa saa tisa."

Fomu ilikuwa mbele yake. Saini ilifanana sana na yake. Mzee alikuwa amejitahidi. Mwalimu hakukaa. Aliokota kalamu nyekundu, akaikata saini ile kwa mstari mmoja, akaandika ubavuni: Si yangu. Watoto hawana vitabu. Msichana asajiliwe.

Kengele ya kipindi ililia. Alikusanya karatasi zake, akaelekea darasani.

Mkuu wa shule aliitazama fomu kwa muda. Kisha akashusha pumzi, akavuta droo, akaanza kutafuta nyingine tupu.