Mabehewa Yanayorudi Kinyumenyume

Taa ya kwanza ya LED aliyoiunganisha Marlys Haugen ililia pa! ikafa. Wifi yake Verna, aliyekuwa akipaka rangi paa la kituo, hakuweka hata brashi chini.

"Hongera, wifi. Umewaua abiria wote."

"Cheka tu. Utaniomba radhi."

Wawili hao walikuwa wakitengeneza treni ndogo katika chumba cha chini cha kanisa lao, mjini Duluth, mfano wa treni ya zamani iliyokuwa ikipita kando ya ziwa. Jumamosi watu wangekuja kuitazama. Hata mzee Tuominen, aliyekuwa kondakta wa treni yenyewe hadi ilipofutwa, aliahidi kufika.

Marlys akakaa chini kufikiri. Reli ilitoa volti kumi na mbili. Taa yake ilitaka tatu tu. Hizo tisa zilizozidi lazima zibebwe na rezista, kijidude cha kubana umeme. Akafungua kopo lake, akachagua ya kipimo cha omu elfu moja, akailehemu kabla ya taa. Safari hii taa ikawaka, tena ikawaka kupita kiasi.

"Mbona behewa limekuwa chumba cha upasuaji?" Verna akauliza.

Kweli, weupe ule uliumiza macho. Marlys akabadilisha taa, akaweka ya mwanga wa njano, na rezista kubwa zaidi, ya omu elfu nne na mia saba. Madirisha yakapata mwanga wa jioni ya kahawa na keki. Verna akasogea kuchungulia, akaweka brashi chini. Kwa Verna, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Jumamosi asubuhi treni ikazunguka, watoto wakashangilia. Kisha ikaanza kurudi nyuma, na mabehewa yote yakawa giza.

"Hawajalipa umeme!" mtoto mmoja akapiga kelele, na ukumbi mzima ukacheka.

Marlys akahisi masikio yanawaka. Zamani treni ya mzee Tuominen ilikuwa ikiingia kituoni kinyumenyume, na kila mtu mjini aliikumbuka hivyo.

"Ukirudisha treni, umeme kwenye reli unageuka," alimwambia wifi yake. "Na taa hizi hupokea umeme wa upande mmoja tu."

"Sasa?"

"Daiodi. Nne kila behewa. Umeme utokee upande wowote, zitauelekeza kwenye mguu sahihi wa taa. Weka brashi, shika koleo."

Wakati wengine wanapakua viazi vya kuokwa na nyama, wao walilehemu. Daiodi ya kwanza Verna aliipachika kichwa chini, Marlys akaing'oa, wakagombana kwa kunong'ona, wakamaliza.

Mzee Tuominen akafika na kofia yake ya kazi. Treni ikaanza kurudi kituoni polepole, madirisha yote yakiwaka. Mzee akainama hadi pua ikakaribia kioo. Kisha akajinyoosha, akavuta pumzi, na ile sauti yake ya zamani ya kutangaza vituo ikatoka:

"Two Harbors! Shukeni taratibu, na wewe mama, usisahau mkoba wako!"

Watu wakapiga makofi. Mzee akamnyooshea Marlys mkono.

"Nipe hicho kidude cha kuendeshea, binti."

Akaendesha mchana kutwa, akitangaza kila kituo, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

"Wifi," Verna akasema, akimletea Marlys kipande cha pai ya tufaha, "kituo changu nacho kina giza."

"Omba radhi kwanza."

"Kula pai."