Petroli Isiyoonja Moto

Mchoro wa vipimo ulipotoka kwenye mashine ya maabara, Daktari Seol Mi-ran aliutazama mara mbili. Ulikuwa safi kupita kiasi. Petroli ilikuwemo, hilo halikuwa na ubishi. Vipande vya ubao alivyopima vilitoka kwenye ghala lililoteketea kule Goesan, na mke wa mwenye ghala, Tak Yeon-hui, alikuwa mahabusu akingoja jibu hilo.

"Si nilikwambia?" alisema Inspekta Ma Chang-seop, akijikuna shingo iliyovimba. "Mama mkwe wake kasema tangu mwanzo kuwa ndiye aliyechoma. Niandikie, Daktari. Mwendesha mashtaka ananingoja leo."

"Subiri."

"Nyie watu wa chupa! Mkikosa mnalia, mkipata mnanuna."

Mi-ran hakucheka. Petroli ikipita motoni, sehemu zake nyepesi hutangulia kuruka, zikabaki nzito. Hii ilikuwa kamili, kama iliyotoka pampu asubuhi hiyo. Ubao ulikuwa umegeuka mkaa. Petroli iliyomo haikuwa imeonja moto. Basi iliingia baadaye. Akautazama mfuko: plastiki nyembamba ya kutilia kimchi, kabichi iliyochachushwa, ambayo mvuke wa petroli huipenya. Kisha akamtazama Inspekta, aliyeuleta.

Au aliimwaga mwenyewe?

"Shingo imepatwa na nini, Inspekta?"

"Nyigu. Jumamosi nilikuwa makaburini kwa babu, nafyeka nyasi kabla ya sikukuu ya Chuseok."

"Kwa mundu?"

"Kwa umri huu? Kwa mashine."

"Tukaione buti ya gari lako."

Ma alisita kabla ya kutoa funguo. Mi-ran alipoifungua buti, harufu ya petroli ndiyo iliyowapokea. Kati ya vipande vya nyasi palikuwa na dumu dogo, kifuniko kimelegea.

"Mfuko ulikaa humu?"

"Tangu Ijumaa." Sauti ilikuwa imemshuka. "Daktari, ukiandika hivyo mkuu wangu atanichuna ngozi."

Mi-ran alikuwa tayari na simu sikioni, akimwambia mwendesha mashtaka kwamba kwa majibu haya hakuna mtu wa kushtakiwa.

"Kwa hiyo yule mwanamke hana hatia?" Ma aliuliza.

"Sijasema. Nimesema mfuko huu hauwezi kumshuhudia. Zitakusanywa sampuli nyingine ghalani, ndani ya kopo la chuma lisilopitisha mvuke."

"Naondoka sasa hivi."

"Si wewe." Mi-ran alinusa vidole vyake; vilinuka petroli. "Na mimi sitalifungua hilo kopo. Nimeshika buti yako."