Sura Moja Ukuta Mzima

Mimi nachora vichwa vya vinyozi. Vile vibao vinavyosimama nje ya banda la kinyozi, vyenye mwanamume aliyenyolewa akatulia, shingo ndefu, nywele zimechongwa pembeni, huo ni mkono wangu. Miaka ishirini na saba sasa. Nikiamka vibaya nachora vitatu kwa siku, nikiamka vizuri narudi kulala. Nasema haya mapema ili ujue kwamba Bi Kanuni aliponiomba nichore ukuta wa ua wetu, alijua fika anamwomba nani, na yaliyotokea asinitupie mimi peke yangu.

Bi Kanuni ni fundi cherehani wa mlango wa kwanza. Jina hilo tulimpa sisi, maana hawezi kumaliza wiki bila kutunga sheria. Safari hii alikuwa amechoshwa na ua wenye milango tisa ambao watu wake wanajuana kwa milio ya kufuli tu. Akapita mlango kwa mlango na tangazo lake: kila Jumapili mchana kila nyumba italeta sufuria moja, tutakula pamoja uani, na ni marufuku mtu kula alichopika mwenyewe. Hoja yake ni kwamba ukila cha jirani huna budi kumsemesha, hata kama ni kumwuliza ameweka nini humo. Na watu wakiwa wanakula, mimi nitachora ukutani picha ya wote, wamekaa meza moja.

Nilitaka kukataa. Si kwa uvivu, ingawa uvivu ninao wa kutosha. Mlango wa saba anakaa kaka yangu, fundi bomba, na kaka yangu alikuwa hajanisemesha huu mwaka wa nne. Mimi niko mlango wa tano. Tunachota maji bomba moja, tunaanika kamba moja, suruali zake na zangu zinapigana vikumbo na upepo, lakini sisi wenyewe hata kikohozi hatuazimani. Ukipishana naye unatazama viatu vyake. Na ukweli, ambao wakati ule ningekula sabuni kuliko kuusema, ni kwamba nilikuwa namkumbuka sana. Ndiyo maana nikakubali. Nilijiambia labda wali utafanya kazi ambayo mdomo wangu umeshindwa.

Jumapili ya kwanza watu walikula kama wanaosubiri kuhojiwa polisi. Kila mmoja alibana sahani kifuani, akasema "asante" kwa sauti ya kanisani, akala kona. Jumapili ya pili, nesi mstaafu wa mlango wa tatu alimwambia kinyozi wa mlango wa nane kwamba mchuzi wake ni maji ya kuoshea miguu. Kinyozi akacheka mpaka akapaliwa, akapigwa mgongo na watu watatu ambao hawakuwahi hata kumpa mkono, na basi, ua ukafunguka. Watu wakaanza kusengenyana ana kwa ana, jambo ambalo kwetu ni maendeleo makubwa.

Mimi muda wote nilikuwa juu ya ngazi, nimewapa mgongo. Maharage ya kaka yalisifiwa na kila mtu. Sikuyagusa. Nilimsikia akiwaambia "karibu", mmoja mmoja, milango yote, na kila aliposema nilisubiri zamu yangu. Haikufika, nami sikushuka kuifuata.

Jumapili ya tatu picha ikaisha. Nikashuka, nikafuta mikono kwenye suruali, nikasubiri sifa.

Nesi akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Mbona wote ni mtu mmoja?" akauliza.

"Mtu mmoja vipi? Yule pale ni wewe, una kofia yako ya kazi."

"Kofia ni yangu. Aliyeivaa simjui."

Nikageuka kutazama, na naapa ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza. Meza ndefu, watu ishirini na tatu, nguo za kila namna, na kila shingo imebeba kichwa kile kile: paji pana, pua imekaa kushoto kidogo, mdomo unaotaka kucheka ukajizuia. Bi Kanuni na kilemba chake, sura ile. Mtoto mchanga wa mlango wa pili, yuko kifuani kwa mama yake ananyonya, sura ile, ametulia kama bwana mkubwa aliyekuja kunyolewa. Mama yake pia, sura ile. Mkono ukishazoea haukuulizi.

Kinyozi akasogea karibu. "Lakini huyu si yule wa kwenye kibao changu?"

"Si wa kibao chako tu," nesi akasema, na nesi yule mdomo wake hauna breki. "Huyu ni fundi bomba kabla nywele hazijamkimbia."

Watu wote wakamgeukia kaka, aliyekuwa na kijiko mdomoni.

Hapo inabidi nieleze. Nilipokuwa najifunza kazi sikuwa na mtu wa kumchora. Kaka alikuwa anarudi kazini jioni, ameloa mpaka magotini, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa saa nzima bila kunung'unika, akiniambia pua hiyo mbaya, futa, rudia. Alifanya hivyo mwaka mzima, mpaka nikajua kuchora kichwa kimoja. Nikaona kinatosha. Tangu hapo nimekisambaza kwa vinyozi wa mji mzima.

Kaka akaweka kijiko chini. Akapita kando ya ukuta polepole, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Akasimama.

"Huyu mwenye kilemba?"

Alikuwa ananiuliza mimi.

"Bi Kanuni," nikasema.

"Na huyu anayenyonya?"

"Mtoto wa mlango wa pili."

Watu wakavunjika mbavu. Hata yeye mabega yalimcheza. Akaendelea mpaka mwisho wa ukuta, akarudi, akaanza kuhesabu watu mlango kwa mlango, kwa kidole.

"Mlango wa sita hawa. Wa nane huyu. Mimi niko wapi?"

Kicheko kikakatika. Sikuwa nimemchora. Kila Jumapili nilijiambia Jumapili ijayo, kwa sababu kumchora mtu lazima umtazame, na mimi nilikuwa naogopa kumtazama.

"Umeniacha tena," akasema. Hakupaza sauti.

Hiyo "tena" tuliijua yeye na mimi. Mama alipougua alilala kwa kaka miezi saba. Kaka alimwogesha, akamlisha, akambeba mgongoni kumpeleka chooni. Mimi nilikuwa nakwenda Jumamosi, na machungwa. Siku ya mazishi nikashika kipaza sauti nikazungumza nusu saa, mama na mimi, mimi na mama, na kaka sikumtaja hata kwa bahati mbaya. Watu walinipongeza. Yeye alikunja viti, akaenda zake.

Miaka minne nimewaambia watu kaka yangu ana kinyongo. Pale nikasimama na rangi viganjani, roho inanisuta, nikaona nikinyamaza na leo, basi nimempoteza moja kwa moja.

"Nilikukosea," nikasema. "Wewe ndiye uliyemwuguza mama. Mimi nilileta machungwa, halafu nikajitia ndiye mtoto mwenyewe. Niliona aibu, kaka. Ningetaja uliyoyafanya wewe, watu wangeuliza mimi nilikuwa wapi."

Kaka akaugeukia ukuta tena.

"Na machungwa yenyewe machachu," akasema.

"Machachu kweli."

"Fupisheni, wali unapoa," Bi Kanuni akasema, huku anajifuta macho na ncha ya kilemba.

Kaka akavuta kiti, akakiweka mbele ya ukuta, akakaa akanielekea. "Nichore. Na kipara usinifichie."

Nikachukua brashi. Kichwa chake nakichora nimefumba macho, dakika kumi kimekwisha. Sasa nikamtazama, mkono ukagoma. Mtu huyu sikuwa namjua. Mashavu yameingia ndani, ndevu zimekuwa nyeupe, jino moja la mbele halipo. Na kovu, pana, laini, limeanza chini ya sikio likashuka mpaka shingoni.

"Hili kovu la nini?"

"Bomba la maji ya moto. Nilikuwa nalijaribu hapo mlangoni kwangu, likanipasukia. Mwaka juzi, asubuhi, siku ya Jumapili."

Brashi ikabaki hewani. Asubuhi ile naikumbuka. Nilikuwa kitandani, nikasikia mtu analia kwa maumivu, milango miwili kutoka kwangu, na sauti niliijua.

"Nilisikia," nikasema.

"Najua ulisikia," kaka akasema. "Uliongeza sauti ya redio. Chora."