Naam Mbili

Dokta Nassra Machano alikuwa hana kwao. Wenzake wa hisabati tupu, ile isiyouliza itatumika wapi, walisema kajiuza kwa mashine. Watu wa kompyuta nao wakimwona na maumbo yake anayoyavuta na kuyakunja kichwani, wanacheka: "Huyo mpe ubao na chaki, atakushindisha na njaa." Yeye wala hajali. Akishikwa na swali, hata chai humpoa mbele ya macho.

Na safari hii alishikwa na neno moja tu.

Ofisini kwao Vuga walikuwa na mashine waliyoifunza kusikiliza Kiswahili. Kila asubuhi iliwapigia simu wazee wenye maradhi ya moyo, mjini na shamba, ikawauliza hali. Mzee akisema kifua kinambana, gari ya wagonjwa inatoka. Basi siku moja gari ikatoka, mbio mpaka Bwejuu, ikamkuta Mzee Haitham barazani anakula muhogo wake, mzima kama wewe na mimi! "Nani kasema naumwa?" Mtume, aibu iliyoje! Wala haikuwa mara ya kwanza. Bi Saadiya, mkuu wa mradi, akakata maneno: gari ikitoka bure tena, mashine inazimwa, na Nassra arudi darasani kwake.

Mahfoudh, fundi wa mashine, aliona jambo jepesi. "Wote hao walijibu 'naam'. Nishaiambia toka jana, ikisikia naam iipuuze. Kelele tu hizo."

"Kelele haina umbo," Nassra akasema. "Hii inalo. Njoo utazame."

Mashine huigeuza kila sauti kuwa nukta, na sauti zenye maana inayofanana hukaa pamoja. Kwenye kioo cha kompyuta, nukta za 'ndiyo' zilijikusanya upande mmoja. Naam zilitakiwa ziwe papo hapo, lakini wapi! Nyingi zilijitenga ng'ambo kabisa, mahali peupe. Neno moja, mbona limegawika? Nassra alifurahi, maana hakuna alichokipenda kama kutojua. Akabonyeza nukta moja, akasikiliza sauti ya mashine na ya mzee.

"Mzee Haitham..."

"Naam!"

"...kifua kinakubana?"

Nassra akacheka mpaka machozi. Kisha akaita, "Mahfoudh!"

"Naam!"

"Ahsante. Kumbe umekubali kwamba mjinga ni wewe."

"Nimekubali saa ngapi? Si umeniita, nami nime..." Akajipiga kipaji. "Lahaula! Wameitika tu! Na mimi mtoto wa Kiembe Samaki, niliyekua naitika hivyo hivyo, nisijue?"

"Swali halijafika, wao washaitika. Mashine ikadhani hilo ndilo jibu."

Mahfoudh akataka kukimbia kumwambia Bi Saadiya kwamba yamekwisha: mashine iite, ingoje kuitikiwa, ndipo iulize. Lakini Nassra hakuinuka. Alikuwa anazitazama naam chache zilizobaki kule kwenye ndiyo. Hizo hazikujitenga. Hizo zilikuja baada ya swali.

"Ulisema umeiambia ipuuze toka jana? Naam zote?"

"Zote."

Akabonyeza ya asubuhi ile, ya Bi Mwanakhamis wa Matemwe. Mashine iliuliza kuhusu kifua, ikanyamaza. Sauti ikatoka polepole, imechoka: "Naam."

Raha yote ikamtoka Nassra. Alipiga simu, akapokea binti wa yule bibi.

"Nnapiga kutoka Vuga, mradi wa moyo. Bi Mwanakhamis hajambo?"

"Hajambo?" Sauti ilipanda. "Toka asubuhi kifua kinambana, nimemkalisha njiani tunaingoja gari yenu!"

"Gari inakuja sasa hivi, dada yangu. Usimwache peke yake."

Mahfoudh alikuwa keshanyakua simu ya mezani, anamwita dereva, wala hakuuliza kama gari itatoka bure.

"Mmemuuliza, kakujibuni naam," binti alisema, na sasa alikuwa analia. "Nyie mlitaka aseme neno gani?"

Nassra akabaki kwenye simu, akimsikiliza yule bibi anavyohema.