Mayai Yasiyo na Madoa

Siku hiyo mlango wa Aikaeli ulichelewa kufunguka, na hilo lilikuwa jambo la tatu la kumtia Pudensiana shaka. La kwanza, Jumapili baada ya misa, alimpigia simu kuulizia mayai yake aliyompa ayatotoleshe, akajibiwa, "Usije kwanza, bibi, tukifunguafungua mashine joto linatoka." La pili, Jumatano walikutana dukani kwa Abdiel, na yule binti akakumbuka ghafla kwamba ameacha maharage motoni. Maharage gani hayo, saa mbili asubuhi?

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Leo siku ya kumi. Nimekuja kuyapima kwa tochi."

Mayai yalikuwa ishirini na manne, ya kware. Paka alikuwa amemnyofoa kichwa kware dume kupitia matundu ya waya, dume wa pekee, na mzee wa Kikwe aliyemuuzia alishaacha kufuga. Majike wanne waliobaki wangeendelea kutaga, lakini mayai yasiyo na mbegu. Haya ndiyo ya mwisho yenye mbegu. Yasipompa dume mwingine, kware wa Pudensiana wamekwisha. Na mashine ya kutotolesha, mtaa mzima pale Kimandolu, alikuwa nayo Aikaeli peke yake.

Aikaeli akasimama mbele ya mashine. "Chai kwanza, bibi."

"Nimeshakunywa. Sogea."

Kifuniko kikafunguliwa. Pudensiana akayatazama yale mayai. Kila jike ana namna yake ya kulipaka yai, habadilishi mpaka afe. Yule mwenye mgongo mpana hutaga yenye mabaka meusi kama masizi ya sufuria. Mdogo wake, nukta nukta kama pilipili manga. Pudensiana aliyajua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Haya ya kwenye trei yalikuwa meupe, yamefifia, hayana doa.

Juu ya bati njiwa, watagao mayai meupe, wakalia.

"Njiwa wa mumeo hawajambo?"

"Hawajambo."

"Wanataga?"

Aikaeli akashika kiuno. "Bibi! Unaniita mwizi nyumbani kwangu?"

"Nimeulizia njiwa tu, mwanangu. Mbona umeruka?"

Binti akakaa kwenye kigoda, uso chini. "Niliyaosha. Yalikuwa na kinyesi, nikaona nitachafua mashine. Maji ya vuguvugu, sabuni, na stiliwaya. Rangi ikatoka yote. Nikaogopa kukwambia."

Pudensiana alikuwa ameshasikia uongo wa kila aina, lakini wa stiliwaya, huo alikuwa hajausikia. Kwenye kikapu alikuwa na mayai matatu ya asubuhi ile, zawadi ya nyumba. Akachukua moja, akaenda karoni, akasugua taratibu. Povu likageuka kahawia. Yai likabaki jeupe kama jino.

"Mae!" akasema. "Yai la kutotolesha halioshwi, Aikaeli. Lina utando wake unaozuia vijidudu. Afadhali ungeiba. Ungekuwa umeiba, ningejua pa kuyatafuta, tena yakiwa mazima."

Wakafunga pazia, wakawasha tochi. Ganda lililosuguliwa lilipitisha mwanga vizuri kuliko siku zote. Moja tupu. La pili tupu. La tano lilikuwa na mishipa myekundu, na kijitone kinachodunda. Walipomaliza, yenye uhai yalikuwa tisa. Pudensiana akaomba penseli, akatia msalaba kwenye kila moja.

"Bado huniamini, bibi?"

"Nakuamini. Shika tochi vizuri."

Tangu siku hiyo alifika kila asubuhi na kila jioni, akahesabu misalaba yake, na kila alipoingia alitupia jicho karoni kwanza. Siku ya kumi na nane vikatoka vifaranga vinne, kila kimoja kama nyuki mkubwa. Kimoja hakikufika kesho yake.

Wiki tatu baadaye manyoya ya kifuani yalianza kusema. Jike kifua chake kina madoa, cha dume ni chekundu kitupu, kama udongo wa Kikwe. Wa kwanza jike. Wa pili jike. Wa tatu alipigapiga mabawa mkononi mwa Aikaeli.

"Mwekundu huyu, bibi! Dume!"

Pudensiana akavaa miwani. "Mlete huku juani," akasema. "Na mikono yako nioneshe kwanza. Hujamwosha?"